Damu ya mtoto imetoka safi, je upimaji uishie hapo?

Mzazi anapewa majibu, karatasi imeandikwa kromosomu (vile vifurushi vya DNA ndani ya seli) 46, kawaida. Mtoto wake je? Bado ana tundu kwenye moyo, misuli imelegea, kukaa anachelewa, na ngozi ina michirizi iliyopauka upande mmoja wa mwili. Anaambiwa "kromosomu ziko sawa mama" na faili linafungwa. Sasa hapa ndo watu wanapobishana, kuna wanaosema inatosha, damu imeshajibu, na kuna wanaosema mtoto apimwe na kwingine, hata ngozi ikibidi. Mi naona pande zote mbili zina hoja ila hazina uzito sawa.

Tuelewane kwanza. Kinachotafutwa huko kwingine ni mozaiki, yaani pale mtu mmoja, aliyetokana na yai moja lililorutubishwa, ana seli za aina mbili au zaidi, nyingine zina kromosomu 46 na nyingine zimezidi au zimepungukiwa. Mimba inaweza ikaanza vizuri kabisa alafu seli moja ikagawanyika vibaya siku za mwanzo, au ikaanza na kromosomu ya ziada toka kwenye yai alafu baadhi ya seli zikaidondosha njiani. Kosa limetokea lini na limeangukia seli zipi, hilo ndo linaamua viungo gani vitaguswa. Kwa wenye hali ya Down (kromosomu ya 21 imezidi) ni kama asilimia 2 tu ambao ni mozaiki, kwa mabinti wenye Turner (wamepungukiwa X, moja ya kromosomu za jinsia) ni wengi zaidi ya hapo.

Kwa hiyo damu ni sehemu moja tu ya mwili, na tena ni sehemu inayoweza kukudanganya. Chukua hali ya Pallister-Killian, ambayo mtoto anakuwa na kromosomu ndogo ya ziada iliyotengenezwa na mikono mifupi miwili ya kromosomu ya 12. Maabara wakitaka kupima kariotipu, yaani kuhesabu na kukagua kromosomu, wanachukua chembe nyeupe za damu, wanazichochea zigawanyike, wanazikuza siku 2 au 3 alafu wanaziangalia kwenye hadubini, na mara nyingi sana kwa watoto hawa hawaoni kitu, manake zile seli zenye shida zinapotea haraka kwenye damu na kwenye ukuzaji zinazidiwa na zile nzima. Chukua ngozi ya mtoto yuleyule, unazikuta zimejaa. Yaani mtoto mmoja, majibu mawili, na yote mawili ni ya kweli.

Alafu kuna suala la hesabu ambalo wazazi hawaambiwi. Kwa kawaida zinahesabiwa seli 20. Zote zikiwa safi, unachoweza kusema kwa uhakika wa asilimia 95 ni kwamba hakuna mozaiki ya kuanzia asilimia 14 hivi kwenda juu, ukitaka kushuka mpaka 10 inabidi uhesabu kama 30. Chini ya hapo kitu kinaweza kupita bila kuonekana. Maikroarei, kipimo kipya zaidi, imesaidia sana kwa sababu inasoma DNA moja kwa moja bila kukuza seli, ila nayo mozaiki ndogo, yaani ya seli chache, inaikosa, na bado ni DNA ya damu ileile.

Upande wa pili, wanaosema damu inatosha, nao tuusikilize, maana sio watu wasiojali. Wanasema kukata kipande cha ngozi ya mtoto mdogo ni maumivu, ni kovu, ni hela, na seli za ngozi zinakuzwa wiki kadhaa na humo humo kwenye chupa zinaweza kuzaa makosa mapya ambayo mtoto hana mwilini. Wanasema pia jibu lenyewe mara nyingi halibadilishi matibabu, moyo utafanyiwa upasuaji uleule na mazoezi ya viungo ni yaleyale. Hoja yao nzito zaidi naona ni hii: kukuta seli zenye kasoro sio lazima ndo chanzo cha tatizo. Kwenye vipimo vya kondo la nyuma wakati wa mimba, mozaiki inaonekana kwa asilimia 1 mpaka 2, na mara nyingi iko kwenye kondo tu, mtoto hana. Kromosomu ya 20 ya ziada ikionekana kimozaiki kwenye maji ya uzazi, watoto kama 9 kati ya 10 wanazaliwa bila shida inayoonekana. Hata wanawake wazima wenye afya, umri ukienda, baadhi ya seli zao za damu zinapoteza X moja, mtu akisoma vibaya ataita Turner.

Hoja hizo nazikubali, ila zinanifikisha kwenye kuchagua nani apimwe, hazinifikishi kwenye kufunga faili. Mtoto mwenye michirizi ya ngozi inayofuata mistari ya Blaschko (njia ambazo seli za ngozi zilipita mtoto akijengeka tumboni), au mguu mmoja mrefu kuliko mwenzake, au mifereji yenye kina kwenye nyayo inayoonekana kwa wenye mozaiki ya kromosomu ya 8, mwili wake wenyewe unasema kuna seli za aina mbili, huyo apimwe. Na hilo la maumivu lina njia, unaanza na kupangusa ndani ya shavu kwa pamba alafu kipimo cha FISH, kinachoweka alama inayong'aa kwenye kromosomu inayotafutwa, kinahesabu mamia ya seli bila kuzikuza, ngozi inabaki ya mwisho.

Na kuhusu matibabu kutobadilika, sio kweli siku zote. Binti mwenye Turner ya mozaiki akiwa na vipande vya kromosomu Y, ile ya kiume, ana hatari ya uvimbe kwenye tezi za uzazi, lazima ajulikane mapema. Mozaiki ya 8 inaongeza hatari ya baadhi ya saratani za damu. Alafu kuna mama ambaye miaka yote anajiuliza alikula nini, alibeba nini kizito, huyu akiambiwa seli ilikosea yenyewe baada ya mimba kutunga, na uwezekano wa kujirudia kwa mtoto mwingine ni mdogo, jamani hiyo ni dawa kubwa, ingawa kama kosa lilianzia kwenye yai basi umri wa mama nao unaingia kwenye hesabu.

Ninachokipinga kwa nguvu ni kumpa mzazi asilimia kama utabiri. Seli zenye kasoro asilimia 12 kwenye damu haisemi ubongo una ngapi, wala moyo. Kwa hiyo majibu yaandikwe yalivyo: imepimwa damu, zimehesabiwa seli 20, kipimo hiki hakiwezi kuona mozaiki ndogo, dalili zikiendelea pimeni shavu au ngozi. Mistari miwili tu hiyo kwenye karatasi, na mzazi anajua pa kuanzia akienda kwa dokta mwingine.