Wasanii wa Moshi wasiungane kama wakulima wa kahawa

Moshi, chini ya Mlima Kilimanjaro, ni mji wa ushirika. KNPA, chama cha wakulima wa kahawa, ilianza 1925, KNCU, chama chao kikuu cha ushirika, ikafuata 1933, na chuo cha ushirika kikafunguliwa hapa 1963. Kwa hiyo wachoraji, wachongaji, wafinyanzi na watengeneza batiki wakianza kuzungumza juu ya kuungana, mfano wa kwanza kutajwa huwa ni huo: jengo moja, katiba, mweka hazina, mapato ya pamoja. Kuungana nakuunga mkono kwa moyo wote. Mfano wenyewe ndio unaonitia wasiwasi.

Kahawa ya Machame na ya Marangu hupangwa kwa madaraja, huchanganywa, huuzwa mnadani. Ikishaingia gunia moja, haina tena mwenyewe, na hapo ndipo mkulima mdogo anapopata nguvu sokoni. Kwa msanii ni kinyume kabisa, kwa sababu jina lake ni sehemu ya bei. Mchongaji anaweza kuhangaika miezi miwili na gogo la mpingo, huku mwenzake akimaliza picha ndogo kadhaa kwa wiki kwa ajili ya wageni wanaoshuka mlimani. Wakigawana sawa, mmoja ananyonywa.

Wanaopendelea kubaki peke yao wana hoja ya kweli. Hupanga bei wenyewe, hawasubiri kikao, na simu imewafikisha kwa wateja wa mbali. Hoja yao nzito zaidi ni kuhusu mlango: nani ataamua kwamba huyu ni msanii aliyekomaa na yule bado anajifunza? Kundi likijichagulia wanachama lenyewe hugeuka haraka kuwa la marafiki, na kijana mwenye kipawa kutoka Pasua au Majengo anaachwa nje kwa sababu tu hana anayemjua ndani.

Lakini tuangalie huyo wa peke yake anauzia wapi. Mara nyingi ni duka la vinyago, ambako bei ni ya mwenye duka, kazi inatundikwa bila jina la aliyeifanya, na flaikacha, yule anayewanasa wageni barabarani, anadai chake kwa kumleta mteja. Masika yakifika, Aprili na Mei, wapanda mlima hupungua, lakini kodi ya chumba haipungui. Kodi ikigawanywa kwa watu wanane inabebeka, ikibebwa na mmoja inamrudisha kijijini.

Tunao mfano wa wasanii hapa nchini. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora kwa rangi za mafuta juu ya mbao Dar es Salaam mwaka 1968, akafariki 1972, na mwaka 1990 waliorithi mtindo wake walisajili ushirika. Walipata mahali pa kudumu pa kuuzia, jambo kubwa. Ila wote walikuwa wachoraji wa mtindo mmoja, na mnunuzi wa kawaida hupata shida kutofautisha mkono wa huyu na wa yule. Sheria ya hakimiliki ya 1999 hulinda kazi yenyewe, si mtindo.

Hapa ndipo kundi la fani mbalimbali linaponivutia. Mfinyanzi hamwigi mchongaji. Aliyekuja kutafuta batiki anaondoka na chungu pia. Karakana lakini zitengwe, maana vumbi la mpingo huharibu rangi mbichi, na batiki inataka moto, nta na maji mengi. Chumba cha kuuzia tu ndicho kiwe kimoja.

Basi wagawane gharama, wasigawane mapato. Kila kazi iwe na jina na bei ya mwenyewe, na asilimia ndogo ya kila mauzo iingie mfukoni mwa kundi. Anayeomba kuingia apimwe kwa kazi zake, na miongoni mwa wapimaji awepo mtu asiye mwanachama. Mchongaji asiyeuza chochote masika yote akopeshwe kodi na mfuko huo, alipe wageni wakirudi Juni, na hilo liandikwe kwenye katiba kabla ya kupanga chumba.