Ramani mpya, jina la zamani: ni lini tufute picha kwa picha?

Sensa ya 2012 ilihesabu watu zaidi ya 2,700,000 katika Mkoa wa Mbeya. Sensa ya 2022 ikahesabu zaidi ya 2,340,000. Mwanafunzi wa Mwanjelwa akiziona namba hizo mbili zimekaa pamoja atajiuliza: watu zaidi ya laki tatu wamekwenda wapi? Hawakwenda popote. Mwaka 2016 Mbozi, Momba, Ileje na maeneo mengine ya magharibi yalimegwa kutoka Mbeya yakawa Mkoa wa Songwe, na Songwe peke yake ilikutwa na watu zaidi ya 1,340,000 mwaka 2022.

Ramani ingemjibu mwanafunzi huyo kwa kutazama tu. Swali ni ramani ipi. Mtu akichukua ramani ya sasa akaipakia juu ya ile ya zamani, kwa jina lilelile la faili, basi hata makala inayoeleza sensa ya 2012 itaonyesha Mbeya isiyo na Songwe. Maandishi yatasema jambo moja, na ramani iliyo pembeni yake itasema jingine.

Sisi tunaopiga picha huku Nyanda za Juu Kusini na kuziweka Wikimedia Commons tumebishana sana juu ya hili. Kwa asiyeijua, Commons ni ghala la picha, ramani, sauti na video lililoanzishwa Septemba 2004, na leo lina mafaili zaidi ya milioni 100. Picha hukaa mahali pamoja, na makala za Wikipedia za lugha zote huiita kwa jina lake. Wa Tukuyu na Njombe wanaojua maji ya mserereko wataelewa haraka: chanzo ni kimoja mlimani, mabomba yanashuka kwenye kila kitongoji. Ukigusa chanzo, umegusa kila bomba, na hakuna kitongoji kilichopigiwa simu kwanza.

Wanaotaka kubadilisha juu kwa juu, yaani kupakia picha mpya juu ya ile ya zamani kwa jina lilelile, wana hoja nzito, na nimechelewa kuipa uzito wake. Makala za Kiingereza zina wahariri wengi. Ramani mpya ikija na jina jipya, wataibadilisha siku hiyohiyo. Wikipedia ya Kiswahili ina wahariri wachache. Faili jipya linaweza kukaa ghalani miaka huku makala yetu ikiendelea kuonyesha Mkoa wa Iringa ukiwa na Njombe ndani yake, ingawa Njombe ulikuwa mkoa tangu 2012. Kwa lugha yenye mikono michache, kubadilisha chanzo ndiyo njia pekee ya kufikisha marekebisho bila kumsubiri mtu ambaye huenda hayupo. Anayesema hivi hatetei uvivu. Anamtetea msomaji wa Kiswahili, ambaye ndiye wa mwisho kupata kilicho kipya.

Na hatari nayo inatoka palepale. Uchache wa mikono unaotufanya tusiweke picha mpya ndio unaotufanya tusigundue picha ilipobadilishwa. Kwenye makala yenye wasomaji wengi, mtu ataona kwamba maelezo hayalingani na picha na atapiga kelele. Kwetu kosa hilo hukaa.

Limenikuta. Niliwahi kuweka picha ya Ziwa Ngozi niliyoipiga kutoka ukingoni, asubuhi ya Julai, ukungu ukiwa umefunika upande wa pili wa kreta. Maelezo ya Kiswahili yaliutaja ukungu huo. Baadaye mpiga picha mwingine, mwenye kamera nzuri kuliko yangu, akapakia picha yake juu ya yangu: anga safi, maji ya kijani yanang'aa, amesimama sehemu nyingine kabisa ya ukingo. Nakiri ilikuwa picha bora. Lakini ukurasa wa maelezo ya faili haubadiliki wenyewe mtu anapopakia toleo jipya. Jina la mpiga picha likabaki langu, tarehe ikabaki yangu, na maelezo yakaendelea kutaja ukungu usioonekana. Yule ndugu alipoteza zaidi yangu, maana kazi yake ilikuwa ikizunguka kwa jina langu. Leseni tunazozitumia zinamruhusu yeyote kuchukua picha bure mradi amtaje aliyeipiga. Kutajwa ndiyo malipo yote tunayopata, na hapo alikuwa amejinyima bila kujua.

Tuliyamaliza vizuri. Picha yangu ilirudishwa, yake ikapata faili lake na jina lake, na makala ikachukua yake. Ndivyo ilivyostahili tangu mwanzo.

Husemwa kwamba hakuna kinachopotea, kwa sababu historia ya faili hutunza kila toleo na mtu anaweza kulirudisha. Ni kweli nusu. Toleo lililozikwa kwenye historia haliitwi na makala. Anayetaka Mbeya ya 2012 kwa ajili ya makala ya sensa hana namna ya kuichomoa kutoka humo. Lazima aipakie upya kama faili linalojitegemea. Kitu kipo, ila hakitumiki.

Pia kuna picha za kale, na hapa sina subira. Mwaka 2008 Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Ujerumani iliipa Commons picha zaidi ya 80,000, zikiwamo zilizopigwa enzi za ukoloni wa Kijerumani Afrika Mashariki. Kuna watu wenye nia njema wanaoona picha ya kale wakataka kuisafisha: wanakata kingo, wanafuta mikwaruzo, wanaongeza weusi. Lakini mara nyingi ukingo wa picha ya kale ndio wenye namba ya kumbukumbu au mwandiko wa mtu aliyeiandikia maelezo, na kwa mtafiti mwandiko huo unaweza kuwa na thamani kuliko sura iliyo katikati. Isitoshe, picha ya JPEG, yaani aina ya faili linalobana picha ili lisiwe kubwa, hupungua ubora kidogo kila inapohaririwa na kuhifadhiwa upya, hata kama jicho halioni. Toleo lililosafishwa liwe na faili lake, likae jirani na lile chafu. Yote mawili yana kazi.

Mwongozo wa Commons wenyewe unaelekea huko: marekebisho madogo, kama kunyoosha picha iliyoinama au kurekebisha rangi kidogo, yanaweza kuwekwa juu ya faili lilelile, mabadiliko makubwa yapewe faili jipya. Yapo pia mafaili yaliyokusudiwa tangu mwanzo kuonyesha hali ya sasa, na hayo husasishwa bila ugomvi. Ugumu uko kwenye neno "kubwa". Ramani iliyobadilika mpaka mmoja tu, je, ni badiliko dogo?

Wa Kyela wana mfano wao ng'ambo ya Mto Songwe. Malawi ilibadilisha bendera mwaka 2010, ikaweka jua kamili jeupe katikati, kisha mwaka 2012 ikalirudisha jua jekundu linalochomoza. Faili linaloitwa tu "Bendera ya Malawi" lingefuata kila badiliko, na katikati ya miaka hiyo makala ya uhuru wa 1964 ingepeperusha jua la 2010. Bendera ya 2010 ikipewa faili lake lenye miaka yake kwenye jina, na ya 1964 lake, kila makala inachagua inayoihusu.

Kwa hiyo kipimo ninachokitumia siku hizi ni maelezo yaliyo chini ya picha. Kabla ya kubadilisha, nasoma maelezo hayo katika kila lugha ninayoweza kuielewa, na kwa nisizozielewa naangalia angalau tarehe na majina. Kama baada ya badiliko yote yatabaki kweli, naweka juu kwa juu. Kama hata moja litakuwa uongo, natengeneza faili jipya, na hapo nabeba mzigo ambao wenzangu wa upande wa pili wanaulalamikia kwa haki: kupita kwenye makala za Kiswahili kwa mkono.

Ramani ya Mbeya ya kabla ya 2016 nimeiacha ilipo. Mpya nimeipa jina lenye mwaka. Makala ya mkoa imeshapata mpya, na ya sensa ya 2012 imebaki na ya zamani. Ya Ileje bado sijaigusa, kwa kuwa inasimulia miaka ya Mbeya na miaka ya Songwe, na itahitaji ramani zote mbili.