Klipu nimeiona, rasimu iko wapi?

Wiki iliyopita mtu mmoja kwenye kundi letu la animesheni alitupia klipu ya sekunde 6. Tone la maji linaning'inia kwenye mdomo wa bomba, linavimba, linasita, kisha linadondoka na kugeuka herufi. Basi. Hakuna kamera inayozunguka, hakuna rangi za kupiga kelele. Nimeirudia mara zisizohesabika, na kwangu ni kazi nzuri kuliko zote nilizoziona mwaka huu.

Chini yake binti mmoja, bado mgeni kwenye fani, akauliza: "Samahani kaka, hapo tone linaposita kabla ya kudondoka, umefanyaje?"

Swali zuri mno. Kila anayeijua kazi hii anajua kwamba uzuri wote wa klipu ile umekaa hapohapo alipogusa. Zikafuata pongezi: mioto, makofi, "umetisha", "hatari sana kaka". Mwenye kazi akalipa swali lile alama ya kopa, akapita. Binti hakuuliza tena siku ile.

Jambo hilo limenikera na bado linanikera ninapoandika. Tunasema tumekusanyika ili kupeana hamasa. Mtu anapokuja na hamasa mkononi, imeshamwasha, anataka tu kujua pa kuanzia, tunamwacha amesimama mlangoni. Tumezoea kurushiana kazi zilizokamilika, tunapigiana makofi, kesho tunarudia. Mwaka unaisha na hakuna aliyejifunza hata namna ya kusimamisha mpira.

Usiku ule nikaifungua klipu fremu kwa fremu, yaani picha moja moja zinazounda mwendo, 24 kwa kila sekunde. Tone linavimba taratibu kwa fremu 20. Halafu linakaa. Fremu 14 nzima, zaidi ya nusu sekunde, na ukitazama kwa haraka utaapa kwamba halifanyi chochote. Sogeza jicho. Shingo yake inazidi kuwa nyembamba, pikseli moja baada ya nyingine, na kwenye fremu mbili za mwisho tone zima linajivuta juu kidogo, kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kujitosa majini. Kisha fremu 4 tu, limefika chini. Fremu 4 ni sehemu ya sita ya sekunde. Kwa muda huo tone la kweli linaloanza kuanguka lingeshuka sentimita 14 hivi. Hili linavuka picha yote, na jicho linakubali bila ubishi, kwa sababu limesubirishwa vya kutosha mpaka linatamani lidondoke.

Ilinichukua jioni nzima kuyaona hayo, na kazi hii nimeifanya kwa miaka. Mwenye klipu angeyasema kwa sentensi mbili. Tena mimi nimeona matokeo tu. Kama alichora kwa mkono au alivuta mkunjo kwenye grafu ya kasi, kama alianza na fremu 6 akaona haitoshi, kama lile la kujivuta juu lilikuwa wazo la mwanzo au lilikuja siku ya mwisho, hayo yote klipu imeyafuta. Kazi ikishakamilika hufagia nyayo zake, na anayejifunza anahitaji nyayo.

Waliotutangulia hawakuwa hivi. Norman McLaren, mtengenezaji wa filamu za animesheni, alikuwa na kila sababu ya kukaa kimya na sifa zake. Filamu yake ya 1952, Neighbours, ilishampa Oscar. Lakini kati ya 1976 na 1978, akiwa amevuka miaka sitini, yeye na mwenzake Grant Munro walikaa kwenye Bodi ya Taifa ya Filamu ya Kanada wakatengeneza filamu fupi 5 za mafunzo. Hazina hadithi. Unaona kiduara kinavuka kioo kwa mwendo sawa. Kinavuka tena kikiongeza kasi. Kinavuka kikipunguza. Kinasimama, na McLaren anaeleza kwa utulivu umbali kati ya fremu moja na inayofuata umebadilikaje. Nilipoziona mara ya kwanza nilikuwa najua kubonyeza kitufe cha kulainisha mwendo, na nilidhani najua mwendo. Kile kiduara kilinifundisha kuliko klipu mia za kung'aa.

Au chukua Blender, programu ya kutengenezea animesheni. Mwaka 2002 mwanzilishi wake, Ton Roosendaal, aliwaomba watu wachange euro 100,000 ili msimbo wa programu hiyo ukombolewe kutoka kwa wawekezaji na kuwekwa wazi kwa wote. Zikapatikana kwa wiki 7. Mwaka 2006 ikatoka filamu fupi, Elephants Dream, na pamoja nayo wakaachia mafaili yote: wahusika, mifupa ya kidijitali inayowaendesha, taa, kila kitu. Nakumbuka nilivyofungua moja ya mafaili hayo, nikashika mfupa wa mkono wa mhusika, nikausogeza na kuona bega linavyoufuata. Nilikaa nikiusogeza mfupa ule kwa muda mrefu. Mtu ambaye sijawahi kukutana naye alikuwa ameniruhusu niingie jikoni kwake na kufungua kila sufuria. Na mwaka 2025 Flow, filamu ya Gints Zilbalodis kutoka Latvia, iliyotengenezwa kwa programu hiyohiyo na isiyo na neno hata moja la mazungumzo, ikachukua Oscar ya filamu ndefu ya animesheni. Sisemi mafaili ya 2006 ndiyo yaliyoileta. Nasema chombo kile kilikuzwa na watu wenye tabia ya kuonyeshana.

Najua majibu yanayokuja. Mteja amesainisha mkataba, faili halitoki. Sawa, kwa shingo upande nakubali. Mkataba ni mkataba. Lakini hakuna mteja anayemiliki sentensi ya "nilishikilia fremu 14, kisha nikaachia kwa 4". Wengine wanaogopa wezi. Nami nimeibiwa: kazi yangu ilikatwa jina, ikabandikwa la mtu mwingine, na iliniuma kwa wiki nzima. Ila aliyeniibia alichukua klipu iliyokamilika, ileile niliyoitoa kwa ajili ya makofi. Rasimu zangu za penseli hakuna aliyewahi kuzigusa.

Nadhani woga wenyewe uko kwingine. Rasimu inaonyesha kwamba ulikosea. Inaonyesha mhusika mwenye miguu mitatu kwa sababu ulisahau kufuta mmoja, inaonyesha ulivyozunguka siku nne kwenye jambo la sekunde moja. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na katika fani yetu nauona ukweli huo kila siku. Watu wanaficha makosa yao, kisha kila anayekuja nyuma anayarudia yote kutoka mwanzo.

Na tukichota mahali, tutaje tulipochota. Lottie, mfumo unaobeba animesheni kwenye programu nyingi za simu, umepewa jina la Lotte Reiniger, Mjerumani aliyekata vivuli kwa mkasi na kukamilisha filamu yake ndefu mwaka 1926. Walimtaja baada ya miaka 90, sisi tunashindwa kumtaja wa wiki iliyopita.

Kuhusu klipu zinazotolewa na mashine kwa kuandika ombi tu, nitasema siku nyingine. Hapa itoshe kwamba ukiiuliza kwa nini tone limesita, hakukuwa na mtu aliyeamua lisite.

Juzi nilimwandikia mwenye tone faragha. Nilimwomba kwa ajili ya yule binti kuliko kwa ajili yangu. Sikutarajia kitu, kwa kweli. Asubuhi nikakuta amenitumia picha ya ukurasa wa daftari, penseli tupu, umekunjamana pembeni. Safu ya matone madogo, kila moja na namba juu yake. La sita limezungushiwa duara na kuandikwa "mapema mno". Safu ya pili, la kumi: "bado mapema". Safu ya tatu imefutwa mpaka karatasi imechubuka, na chini yake namba 14 imepigiwa mistari miwili. Akasema niiweke hadharani nikitaka. Hakujua kama kuna mtu angejali.

Nikaiweka chini ya lile swali. Usiku uleule binti akarudi na tone lake mwenyewe, la rangi ya kijivu, bila bomba, bila herufi. Lilisita fremu 9 likadondoka. Chini yake ameandika: "Bado mapema. Kesho tena."