Nilivyowafanya Maharusi Ndugu

Ukatibu wa historia ya ukoo sikuuomba. Kikao kilikuwa kinaendelea Sinza, nikatoka nje kupokea simu, niliporudi wakanipigia makofi. Kumbe nimeshapita bila kupingwa.

Kazi yenyewe ilikuwa kuchora mti wa ukoo kuanzia kwa Filipo, baba wa babu yetu, mtu wa kwanza kwetu kubatizwa. Uchapwe kwenye bango, utundikwe kihambani, kwenye shamba la ukoo kule Machame, Kilimanjaro, tarehe 27 Desemba, siku ya mkutano. Siku mbili baadaye, kihamba hichohicho, binti wa kaka yangu angeolewa na kijana wa ng'ambo ya mto. Nguvu za kamati ya harusi zote zilikuwa zikiishia kuwakumbusha watu ahadi zao.

Basi nikachukua likizo fupi mwezi wa kumi, nikapanda Machame na mkoba na miwani mipya. Wamisionari wa Leipzig walifika huku 1893, na Mjerumani akishafika mahali, cha kwanza ni kufungua daftari. Nikaomba ruhusa, nikaonyeshwa nakala ya kurasa za ubatizo. Hapo ndipo nilipojua kwamba Wajerumani wa zamani walikuwa na mwandiko wao peke yao. Herufi e wanaiandika kama n. Petro nilimsoma "Pntro" mara tatu kabla sijashtuka. Ukurasa mzima ulikuwa kama kuku kapita na matope.

Siku ya nne nikampata Filipo. Kwa kweli niliwapata wawili, wamebatizwa mwaka mmoja, kabla ya vita vya 1914. Mmoja mstari wake ulikuwa umefifia, jina la baba halisomeki. Wa pili ameandikwa vizuri, jina la baba lipo, na mdogo wake kabatizwa mstari unaofuata. Ungekuwa wewe ungemchukua yupi? Nilikuwa na basi saa kumi na mbili asubuhi.

Yule mdogo wake Filipo nilimfahamu kwa sifa, ndiye shina la ukoo wa ng'ambo ya mto. Nikafurahi! Kumbe majirani zetu ni ndugu zetu na hakuna aliyejua. Nikawaweka wote kwenye mti, matawi yao upande wa kulia, yetu upande wa kushoto, na kwa uungwana nikawaalika mkutanoni.

Sasa mtu atauliza: na harusi je, hukuiona? Jamani, bango lilikuwa na urefu wa mita nne. Bibi harusi alikuwa mwisho kabisa wa kushoto, bwana harusi mwisho kabisa wa kulia. Majina yote mawili niliyaandika kwa vidole vyangu hivi. Nilikuwa naangalia kama mistari imenyooka.

Siku ya mkutano bango likatundikwa kati ya migomba miwili, watu wakalizunguka na vibuyu vya mbege wakitafuta majina yao. Kwa nusu saa nilikuwa mtu mkubwa. Kisha mama wa bwana harusi akaweka kidole kwenye jina la mwanawe, akaanza kupanda nalo taratibu, tawi kwa tawi, mpaka kwa wale ndugu wawili, akashuka upande wa pili hadi kwa mkwewe mtarajiwa. Akasimama hapo.

"Katibu," akasema, "hawa watoto ni wa ukoo mmoja?"

Kwetu watu wa ukoo mmoja hawaoani, hata kama undugu wenyewe ni wa kutafuta kwa tochi. Bibi harusi akaanza kulia. Wazee wakasogeza viti pembeni. Mtu akauliza mahari iliyokwisha kuliwa inarudishwaje. Na hapo nikaona maajabu: wote waliokuwa hawajalipa ahadi za harusi wakawa ghafla watetezi wa mila. Binamu yangu mmoja, mwenye deni la laki mbili, alilisifu bango lile kwa sauti ya mhubiri. "Maandishi ya wamisionari hayo! Utabishana na kitabu cha kanisa?"

Ndipo shangazi, aliyekuwa amekaa zake chini ya mparachichi, akaomba asomewe. Ana miaka zaidi ya themanini. Nikamsomea.

"Filipo yupi? Wa ng'ambo?"

"Ndiyo, shangazi. Baba wa babu."

"Yule alichukuliwa kubeba mizigo ya Wajerumani walipokimbia Waingereza, 1916. Hakurudi. Wala hakuwa ameoa." Akanitazama. "Baba, sasa sisi wote hapa alituzaa kwa barua?"

Watu mia mbili, na watoto wamevalishwa fulana zenye jina la ukoo, nilikuwa nimewazalisha kwa kapera. Shangazi akaendelea bila kupumua: Filipo wetu alikuwa na kidole gumba kilichopinda, mke wake wa kwanza alitoka Kibosho, mti huu wa parachichi aliupanda nani, na kwa nini. Dakika ishirini. Mzee mmoja wa ng'ambo akathibitisha kila neno.

"Lakini shangazi, mbona hukuniambia mapema?"

"Ulipita hapa nyumbani mara nne na mkoba, hukubisha hodi. Nilidhani unauza bima."

Bibi harusi akapangusa machozi, viti vikarudishwa, ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma wa harusi, ya tarehe 29 ikathibitishwa. Mimi nikatozwa faini ya madebe mawili ya mbege, na kwa kuwa ndiye katibu, uamuzi huo niliuandika mwenyewe kwenye kumbukumbu za kikao, pamoja na jina la aliyetoa hoja, ambaye ni mke wangu.

Bango alilichukua shangazi kuezekea banda la ng'ombe. Maandishi yako upande wa ndani. Binamu yangu aliomba akae nalo hadi harusi ipite, akanyimwa, na laki mbili zake bado tunazisubiri.