Kijipande cha Moyo Kinachotupwa

Ukitaja barazani Mkunguni, mbele ya Ngome ya Lamu, kwamba watafiti hutenga seli hai kutoka moyo wa binadamu, wengi watashtuka. Wana sababu. Mwili una heshima yake katika dini, na Marekani mwaka 1951 seli za Henrietta Lacks zilichukuliwa bila ridhaa yake, zikaendelea kuzalishwa maabara miaka na miaka.

Lakini moyo haufunguliwi kwa ajili ya maabara. Daktari anapotia mrija wa kupeleka damu kwenye mashine inayoshika kazi ya moyo na mapafu wakati wa upasuaji, mara nyingi hukata kijipande cha chemba ya juu ya kulia. Kisipotumika, hutupwa.

Kwa nini wasitumie panya tu? Wanatumia, tena sana. Ila moyo wa panya mdogo hupiga mara 500 hadi 600 kwa dakika, wetu 60 hadi 100. Dawa inayoutuliza ule haina dhamana kwetu. Seli shina, yaani zile zinazoweza kugeuka aina nyingine, zikigeuzwa kuwa za moyo, nazo, hubaki changa kama za mimba.

Na seli za misuli ya moyo uliokomaa hazizaliani kwenye sahani ya maabara. Hata kifuani, kijana wa miaka 25 hubadilisha takriban asilimia 1 tu ya seli hizo kwa mwaka. Akifika 75, hata nusu ya hiyo hapati. Zaidi ya nusu ya seli tulizozaliwa nazo tutazikwa nazo. Ndiyo maana aliyepata shambulio la moyo hubaki na kovu, na ndiyo maana mtafiti huhitaji kijipande kipya kila mara. Kazi yenyewe haina pupa: kalsiamu huondolewa, kimeng'enya huyeyusha kinachozishika seli pamoja, kisha kalsiamu hurudishwa kidogo kidogo. Ikirudi kwa ghafla, seli hujikunja na kufa.

Kweli, mwenye kijipande ni mgonjwa, hivyo uzima wa seli zake una mipaka. Hoja hiyo ya kisayansi naiona nzito kuliko ya dini, maana mwaka 1988 huko Jeddah, Baraza la Kimataifa la Fiqhi, yaani la sheria ya Kiislamu, liliruhusu kumnufaisha mtu kwa sehemu iliyotolewa mwilini mwa mwingine kwa sababu ya ugonjwa. Utafiti wa tiba hauko mbali na hapo.

Kilichobaki ni ridhaa. Mgonjwa wa Lamu anayesafirishwa Mombasa au Nairobi aelezwe kwa Kiswahili kabla ya siku ya upasuaji, jamaa zake wakiwapo. Akikataa, atibiwe vilevile.