Si anasa, ndugu mwandishi

Umeandika kwamba wanawake wa leo wanazaa wachache kwa kupenda anasa. Takwimu zako sizipingi: mwisho wa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alikadiriwa kuzaa kwa wastani watoto 8, mwaka 1989 ikawa 6.7, na utafiti wa 2022 ukatoa 3.4. Ila sababu umeikosa.

Nyanya yangu, Mungu amrehemu, alizaa tisa hapa Majengo, Mombasa, akazika watatu. Hadi uzeeni, kila Ijumaa akiwaombea dua, aliwataja wale watatu kwa majina, mmoja mmoja. Mimi ninao wawili, wamechanjwa chanjo zote, wazima alhamdulillahi. Tunalala chumba kimoja Kisauni, pazia katikati, na kila alfajiri nakaanga mahamri ya kuuza ili karo ipatikane. Wa tatu nitamlaza wapi?

Tena nchi ni moja lakini Nairobi wastani ni watoto 2.5 kwa mwanamke, na Mandera, kule kaskazini mashariki, 7.7. Shule ya wasichana na zahanati ya karibu ndizo tofauti kubwa. Mwezi uliopita nilifuata sindano ya kupanga uzazi kwenye kliniki, nikaambiwa imeisha, nirudi baada ya wiki tatu. Hilo nalo liandikwe.