Uhasibu Unalipa, Ila Unachelewa Kulipa

Mzazi wa Kampala anayeuliza kama mwanawe akisoma uhasibu atapata maisha mazuri, kwa kawaida huwa na mtu fulani kichwani: mkurugenzi wa fedha wa benki, mwenye nyumba Muyenga au Naguru, ambaye gari lake linajulikana mtaa mzima. Mtu huyo yupo kweli, na mshahara wake ni mkubwa kweli. Asiyeonekana na mzazi ni kijana aliyehitimu shahada ya biashara pale Nakawa na sasa anapanga risiti nyuma ya duka la jumla huko Kikuubo, kwa ujira ambao haoni haya kuutaja kwa sababu wenzake wote aliosoma nao wanalipwa vivyo hivyo. Mitaani wote wawili huitwa wahasibu, ingawa Sheria ya Wahasibu ya mwaka 2013 haikubaliani na mitaa, kwa kuwa inamtambua yule aliyesajiliwa kuwa mwanachama wa taasisi ya wahasibu, ICPAU.

Maoni yangu ni kwamba kinacholipwa vizuri katika uhasibu wa nchi hii ni sahihi ya mtu anayeweza kushtakiwa kwa kile alichokitia sahihi. Kuandika hesabu kwenyewe ni kazi ya bei ya chini, na bei hiyo inazidi kushuka. Programu kama Tally na QuickBooks zimeingia hadi katika maduka ya vipuri, na karani aliyefundishwa kwa wiki chache anaweza kuingiza ankara za mwezi mzima bila kujua kwa nini upande mmoja unalingana na mwingine. Mwajiri analijua hilo, na hulipa kulingana na anavyojua.

Tuutazame huo mshahara wa mwanzo kwa macho ya kihasibu. Tuseme kijana ana bahati na anaahidiwa shilingi 1,000,000 kwa mwezi, kiasi ambacho ofisi nyingi ndogo hazikifikii. Kwa viwango vya kodi ya mshahara vilivyoanza mwaka 2012, shilingi 235,000 za kwanza hazitozwi kitu, zinazofuata hutozwa asilimia 10 na kisha 20, na kila kinachozidi 410,000 hutozwa asilimia 30. Hapo kodi ni shilingi 202,000. Mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, unachukua asilimia 5 nyingine, yaani 50,000, na kijana anabaki na 748,000 kabla ya kodi ya nyumba, nauli ya taksi na chakula. Asiyeweza kuipiga hesabu hii kabla ya kusaini mkataba, kwa kweli, asijiite mhasibu bado.

Katika hizo 748,000 ndimo inamotakiwa kutoka ada ya mitihani ya taaluma, na hapa ndipo wengi wanapokwama. Shahada peke yake haimpi mtu haki ya kutia sahihi kwenye ripoti ya ukaguzi. Inampa nafasi ya kuanza safari nyingine. Anayefuata njia ya ICPAU hulipa kwa shilingi. Anayefuata njia ya ACCA, chama cha wahasibu cha Uingereza, ana mitihani 13, isipokuwa ile anayosamehewa kwa sababu ya shahada yake, pamoja na uzoefu wa kazi wa miezi 36, na ada zake anazilipa kwa pauni, ambazo hazijali kama shilingi yetu imeamka vizuri au vibaya. Nimewaona vijana wenye akili nyingi wakifaulu nusu ya mitihani kisha wakasimama kwa sababu ya harusi, mtoto, au ada za wadogo zao, na miaka ikapita. Sidhani kwamba walikosa bidii. Njia hii inamdai mtu fedha zake katika miaka ileile ambayo hana fedha, jambo ambalo watu wanaokuja mashuleni kuhamasisha vijana hawalitaji.

Kuna pia ulinganisho ambao umewaumiza wahasibu wengi wa serikali. Katika mwaka wa fedha ulioanza Julai 2022, mwalimu wa sayansi mwenye shahada alipandishiwa mshahara hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi, na daktari hadi milioni 5. Mhasibu wa wilaya, anayeshika fedha zinazowalipa wote hao, hakuwamo katika mpango huo. Mtu anayechagua somo kwa kuangalia mshahara wa serikali tu, basi, ana sababu nzuri ya kurudi kwenye fizikia, na mimi sitambishia.

Mimi natazama nje ya serikali, kwa wafanyabiashara. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, lakini kwa miaka mingi mfanyabiashara wetu aliona daftari ni kitu cha kumwonyesha mtu wa kodi, na kwa hiyo alikuwa na madaftari mawili. Mwaka 2021 mfumo wa risiti za kielektroniki wa mamlaka ya mapato (URA), uitwao EFRIS, ulianza kuwa wa lazima kwa waliosajiliwa kulipa kodi ya ongezeko la thamani, ile ya asilimia 18, na kila mauzo yakawa yanaonekana na mamlaka palepale. Aprili 2024 wafanyabiashara wa Kampala walifunga maduka kuupinga. Malalamiko yao mengine yalikuwa ya haki, lakini maduka yalipofunguliwa tena, mwenye duka alikuwa na mahitaji ambayo hakuwa nayo zamani: mtu wa kuhakikisha kwamba manunuzi yake yana risiti zinazokubalika, ili asilipe mara ya pili kodi ambayo tayari imo katika bei aliyonunulia, na wa kuwasilisha marejesho ya kodi kufikia tarehe 15 ya kila mwezi. Mtu huyo akiwa na wateja wa namna hiyo ishirini, kila mmoja akilipa kidogo, hana haja ya kumwonea wivu mkurugenzi wa benki. Ofisi yake inaweza kuwa chumba kimoja juu ya duka la vitambaa, na simu yake haitalala kuanzia tarehe 10. Hapa ndipo ninapoona uhasibu una faida kubwa kuliko unavyosifiwa.

Tusisahau, hata hivyo, kwamba sahihi ina upande wake mwingine. Mwaka 2012 ilifichuka kwamba mabilioni ya shilingi ya wahisani, yaliyokusudiwa kuijenga upya kaskazini mwa nchi baada ya vita, yalikuwa yamechotwa kupitia Ofisi ya Waziri Mkuu. Mhasibu mkuu wa ofisi hiyo alihukumiwa kifungo mwaka 2013. Shinikizo la namna hiyo, kwa kiasi kidogo zaidi, liko katika kila ofisi yenye bosi anayesema, “Weka tu sahihi, mengine niachie mimi.” Mhasibu asiye na akiba na anayedaiwa kodi ya nyumba ya miezi mitatu hukataa kwa shida sana. Ndiyo maana mshahara mdogo wa mwanzo unanikera kuliko wanavyokereka walimu wa vyuo: unamdhoofisha mtu katika jambo lilelile ambalo taaluma inamtegemea.

Kuhusu kufanya kazi nje ya Uganda nitasema machache. Mwaka 2011 taasisi za wahasibu za Afrika Mashariki zilikubaliana kutambuana, na Mganda mwenye cheti cha taaluma na Kiswahili cha kueleweka Dar es Salaam ana soko pana kuliko aliye na cheti tu.

Kwa kijana anayekwenda kuhojiwa wiki hii, swali la kuuliza kabla ya mshahara ni kama ofisi hiyo itamlipia mitihani, na kama itampa likizo ya kuifanya. Wakimjibu kwamba mitihani ni shauri lake mwenyewe, aombe angalau laki mbili zaidi kwa mwezi, na wakikataa hilo pia, aendelee kutafuta.